Nta Si Chai

Nakumbuka siku moja kwa Kogo, nyanya yangu aliyenilea huko Kimulot, na nikiikumbuka mkono wenye haraka hutulia wenyewe. Mimi sijazeeka sana, mwanangu, na shule niliacha mapema, lakini hili nalijua.

Nilikuwa na ndoto ya kuuza jemu ya matunda damu mpaka soko la Ndanai. Chupa sita zilikuwa zinapoa mezani, imebaki tu kuziba juu kwa nta ya mizinga yetu ya nyuki. Kogo alikuwa ameniambia nta iyeyuke ndani ya kopo, na kopo likae ndani ya sufuria ya maji. Mimi niliona ananichelewesha. Alipotoka kukamua, nikaweka sufuria ya nta juu ya mafiga hivyo hivyo, kuni zikiwaka sana, nikaanza kuwaza jina la kuandika kwenye chupa.

Kabla sijapata jina, nta ilitoa moshi, halafu ikashika moto. Juu yake kilining'inia kibuyu cha maziwa cha mama yake Kogo, na juu ya kibuyu ni nyasi za paa. Sasa unajua sisi: chai ikipanda tunairushia maji baridi, inashuka. Nikachukua jagi.

"Chebet, weka hiyo maji chini. Hiyo si chai."

Kogo alikuwa mlangoni na ndoo yake. Alichukua mfuniko, akausukuma taratibu mpaka ukafunika moto, kisha akavuta kuni nje, moja moja. Sufuria hakuigusa tena mpaka ikapoa.

"Ungemwaga, moto ungeruka mpaka kwa paa," akasema. "Tungelala wapi leo, ndani ya chupa zako?"

Nikacheka huku nalia, maana kifundo cha mkono wake kilikuwa kimeunguzwa na ule moto, chekundu. Maji ya lile jagi nikammwagia hapo, polepole, mpaka yakaisha.

"Haya, leta kopo," akasema. "Chupa zinangoja."

Kwa hivyo, mwanangu, ota ndoto zako, lakini usiziote mbele ya nta. Iyeyushe kwa kopo ndani ya maji, moto mdogo, na usiondoke hapo. Mfuniko uwe karibu. Ikiwaka, funika, toa moto chini yake, usiibebe. Maji ni ya mkono ulioungua.

Mungu akupe jiko lenye mvuke wa chai tu, na mtu wa kukuita kwa jina kabla hujamwaga.