Povu Kwenye Bwawa la Shangazi

Miguu isiyo na jeraha inawezaje kutoa povu majini, kama kidonda kinavyotoa kikimwagiwa dawa? Nilisoma kemia chuo kikuu, na siku ile sikuwa na jibu. Niamini, ilitokea, na jua lilikuwa bado linawaka.

Shangazi yangu wa Endagikot alikuwa na bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, likijazwa kwa bomba kutoka chemchemi ya zamani. Alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kusubiri, na kuelea kulimpunguzia maumivu ya mgongo. Klorini ilimchoma macho, hivyo mimi nikawa natumia peroksidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda: napima, namimina, nasugua kuta utelezi usishike.

Siku hiyo nikiwa napima, nikamwona mwanamke ukingoni. Geti lilikuwa limefungwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Huku kwetu, nani hukaa kimya akiamkiwa?

"Naomba maji," akasema.

"Haya yana dawa, mama. Ngoja nikuletee ya ndani."

Akacheka. "Hata yule aliniambia ningoje."

Akatumbukiza miguu. Povu jeupe likafoka mpaka magotini. Dawa niliyoweka haitoshi kutoa povu hata kwenye kidonda kibichi, na miguu yake ilikuwa mizima!

"Anayeogelea humu mwambie: nilichozika mimi, naye atazika."

Alipoitoa miguu, ilikuwa mikavu. Nikapepesa macho, hayupo.

Nilimweleza shangazi neno kwa neno. Akacheka huku ameshika tumbo. "Profesa wangu! Maombi ya mchungaji huyaamini, leo unaniletea mizimu?"

Kesho yake akaogelea. Wiki haikuisha, tukazika mtoto ambaye hakulia hata mara moja. Na wazee wa jirani wakamkataza shangazi kukaribia bomba la kijiji, kwa sababu kwa mila mwanamke aliyefiwa na mtoto hutengwa, hachoti maji na wengine. Bwawa tumelifukia. Shangazi hajashika mimba tena.

Wewe unayevuta maji ya chemchemi hadi uani kwako, uliza kwanza nani aliwahi kunyimwa hapo. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa. Bibi, mama yake shangazi, alinieleza miaka baadaye, akiwa kitandani hawezi kuinuka: katika ujana wake alimfukuza pale chemchemini mwanamke aliyetengwa kwa kufiwa na mtoto, akamwambia angoje siku za kutengwa ziishe. Walimkuta amekufa kwa kiu, maji akiyaona. Hakuwa ameomba kuchota. Aliomba kunywa tu.