Mtoto wangu amesafisha jina la mjane mwingine, langu limebaki vilevile

Mtoto wangu wa kike ameona kilichomuua mtu bila kumpasua hata kidogo! Maiti aliingia ndani ya mashine akiwa mzima, akatoka mzima, akazikwa mzima, na mtaa mzima unajua alikufa na nini. Bon, sasa niwasalimie: hamjambo, ndugu zangu wa ukurasa huu. Admin, nifichie jina, ingawa najua haitasaidia sana, maana madaktari wa picha kama mtoto wangu hapa Kisangani ni wangapi?

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, nauza samaki wa kukaushwa sokoni. Shule sikufika mbali, lakini mtoto wangu amefika kwa niaba yangu. Jina lake silitumii, namwita Dokta, hata akiwa anaosha sahani. Wenzangu sokoni wamechoka kunisikia. Wachoke tu.

Mwezi uliopita, kule Lubunga ng'ambo ya mto, papa mmoja, baba wa familia, alirudi kutoka shambani, akasema kichwa kinamuuma, akala samaki aliyepikiwa na mke wake, akaanguka. Ndugu zake wakamzunguka mke, nitamwita Mama Albertine, wakamwambia, "Ni wewe umemula, umemupa sumu." Watu wa parquet, waendesha mashtaka wa serikali, wakataka maiti apasuliwe ijulikane. Ndugu wakakataa katakata. Kwetu sisi watu wa mto mtu hazikwi akiwa ameshonwashonwa, atawafikaje wakubwa waliotangulia? Donc kisu hawakitaki, na mjane wanamfukuza nyumbani kwake.

Ndipo Dokta akasema, "Muleteni, nitamuangalia bila kisu." Akampitisha kwenye skana, ile mashine ya duara inayopiga picha ndani ya mwili. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, damu imejaa upande mmoja. Ndugu mkubwa wa marehemu akauliza, "Na sumu je?"

Dokta akamjibu kwa heshima kama mjomba wake, "Tonton, hii mashine haioni sumu. Inaona damu. Na damu kama hii hailetwi na samaki." Halafu akamwita mjane mbele ya kioo cha mashine, akamwonyesha kwa kidole, "Angalia, mama. Ni hapa. Haiko wewe."

Mama! Mmesikia? Hapo moyo wangu ulianza kuchemka.

Mimi niliyemzaa sijaonyeshwa hata picha moja ya kazi yake. Na tangu siku ile, kila Jumapili Dokta anavuka kwenda Lubunga, anarudi na lituma imefungwa kwenye majani. "Mama, onja, Mama Albertine anajua kutwanga!" Lituma! Mimi niliyemlisha lituma tangu hana meno! Nilionja. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Lakini shida yangu si ndizi za kutwanga, jamani. Wacha niseme yote. Baba yake Dokta alikufa hivyohivyo. Alirudi nyumbani, akasema kichwa kinamuuma, akala chakula changu, akaanguka. Dokta alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Ndugu za mume wangu wa Yanonge walikataa kisu, na mashine hiyo wakati ule hatukuijua hata kwa jina. Yeye akazikwa mzima, jina langu ndilo lililopasuliwa. Mpaka leo shemeji zangu wakija kwangu hawagusi chakula. Wanasema wameshiba. Watu waliopanda mto kwa pirogue kutoka Yanonge tangu alfajiri, eti wameshiba!

Juzi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Dokta, na baba yako je? Tumufukue, umupitishe na yeye."

Akaacha kula. "Mama, ile damu imeisha zamani. Mifupa haiwezi kuniambia."

"Kwa yule mwanamke umeweza!"

"Mama, iko wivu hii?"

"Wivu? Mimi, mama ya Dokta, nimuonee wivu mujane wa Lubunga?"

Akacheka, halafu kicheko kikamwishia. Akasema, "Siku ile alisimama peke yake katikati ya mabokilo, ndugu za bwana yake, hakuna hata mutu mumoja alimuita mama. Nikaona wewe. Kinywa yangu ikasema yenyewe."

Nililia, sikatai. Lakini wivu haukutoka na machozi. Yule mwanamke ana picha ya kuwaonyesha watu. Mimi nina nini cha kuonyesha?

Sasa wanaondoa matanga ya yule papa. Dokta ataeleza mbele ya wote jinsi kichwa kinavyoweza kuua mtu ghafla. Amesema atataja na siku aliyoanguka baba yake, lakini hataapa kitu ambacho hakukiona. Shemeji zangu wa Yanonge wameshatuma salamu kwamba watakuja kukaa mbele, kwa sababu "mtoto wetu" ndiye atakayesema. Leo ni mtoto wao!

Na Mama Albertine amenitumia kitenge, kilekile atakachovaa yeye, na maneno haya: "Yaya, dada yangu mukubwa, shona, ukae kando yangu. Chakula ya wageni tutapakua sisi wawili." Hata kunipenda amenitangulia, huyu mwanamke! Kitenge bado kimekunjwa, hakijaona mkasi.

Nikienda, nitamsikia mtoto wangu akimwita mwingine mama, na itabidi nimpelekee shemeji mkubwa sahani kwa mkono wangu, watu wote wakimtazama kama atakula au atasema ameshiba. Akikataa mbele ya umati ule, nitazikwa mimi. Nisipoenda, watasema, "Mumeona? Anaogopa."

Nishaurini mliopita njia kama hii. Nishone, au kitenge nimrudishie? Msikawie kunijibu, fundi ananingoja. Matanga ni Jumamosi hii, Lubunga, watu wataanza kuvuka asubuhi, na shemeji zangu wote watakuja na njaa yao.