Mto wa Mama Mito

Jina la Mama Mito tulimpa sisi wa mtambo wa kuchimba visima vya gesi, na mwanzoni lilikuwa la dhihaka. Kazi yake ilikuwa kutafuta mito iliyokufa: mito iliyotiririka zamani za kale, ikafukiwa na matope, na mchanga wake sasa uko chini kabisa, pengine umejaa gesi. Magari mazito hutingisha ardhi, mwangwi hurudi juu, naye hukaa mbele ya kompyuta akiugeuza mwangwi ule kuwa mwamba: hapa mgumu, hapa laini, hapa mto ulikata kona. "Mto nauona," alizoea kusema. "Kilichomo ndani yake ndicho kinachonipiga chenga."

Kisima chake cha kwanza kilimtia aibu. Kompyuta ilionyesha mwamba laini, dalili ya mchanga wenye gesi, tukachimba, tukakuta makaa ya mawe. Kandokando ya mito huwa kuna vinamasi, vikifukiwa muda mrefu hugeuka makaa, na mwangwi wa makaa unafanana mno na wa mchanga wenye gesi. Ofisi nzima ilimcheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona akirudia hesabu zote upya, safari hii akitumia pia mwangwi unaorudi kwa mshazari, ambao huyatenga makaa na mchanga. Bosi akamkubalia kisima cha pili kwa sharti moja: akikosa tena, chumba chake cha kompyuta kinafungwa na yeye anafungasha virago.

Binti yake mdogo alikuwa na swali moja kila mama akipiga simu nyumbani: "Umeupata mto?" Na jibu lilikuwa lile lile. Bado, mwanangu.

Siku kekee, ile ncha ya kuchimbia, ilipofika kwenye kina alichokichagua, alikuja kibandani kwangu. Mimi kazi yangu ni kuosha vipande vya mwamba vinavyopandishwa kutoka chini na tope tunalolizungusha kisimani kwa pampu, kuvichekecha na kuviangalia kwa hadubini. Kibanda chenyewe ni chembamba, naye alisimama nyuma akinipumulia shingoni. Angekuwa mtu mwingine ningemfukuza.

Niliweka kisahani chini ya hadubini. Weusi mtupu. Makaa.

Fundi mkuu wa mtambo, mtu wa sauti kubwa na utani usio na breki, alichungulia mlangoni. "Eh, Mama Mito! Umetuletea kuni tena?" Hakungoja jibu. Amri aliyopewa ilikuwa wazi: yakitoka makaa, simamisha kazi, ng'oa mabomba.

Mama Mito alimimina vipande kiganjani, akavipekua kwa ukucha.

"Kaka, ngoja! Haya hayakukatwa na kekee. Ona yalivyo makubwa, ona ncha zake. Yamebomoka ukutani kule juu, kwenye makaa tuliyoyapita jana."

"Mama, kila anayekosa ana sababu yake."

"Usichimbe hata kidogo. Zungusha tope tu lisafishe kisima, cha chini kije juu tukione."

"Na bosi?"

"Bosi niachie mimi. Ukishang'oa mabomba umenizika. Nakuomba, kaka yangu."

Yule bwana akaanza kutikisa kichwa, na hapo damu ikanichemka. "Fundi, acha ubishi! Zungusha!" Sijawahi kumpandishia sauti maishani mwangu. Alinitazama, akasonya, akaenda kuzungusha.

Tope la chini halina haraka. Pampu zilinguruma, sakafu ikatetemeka. Nilichekecha, nikaosha, nikatupa. Makaa. Tena makaa, ila machache.

Halafu vilivyobaki kwenye chekeche vikabadilika rangi. Nikaosha, nikatazama: punje nyeupe, za mviringo, safi. Mchanga wa mto. Nilimpisha aone mwenyewe.

Kisha sote tukageukia kipimo cha gesi ukutani. Mshale umelala kwenye sifuri. Akagonga kioo kwa kidole. Mshale umelala vile vile.

Simu ya kibandani ikalia. Bosi. "Makaa?"

"Hapana, bosi. Mchanga. Mto uko pale pale nilipouchora."

"Na gesi?"

Alikitazama kipimo tena. "Hakuna. Maji tu."

"Pole. Kesho uje ofisini tuzungumze habari ya chumba."

Niliumia, nusura nikitupe kisahani. Fundi mkuu alikuwa amerudi mlangoni, na alikuwa amesikia yote. Alivua kofia yake ngumu. "Lakini mto upo, Mama," alisema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Mama Mito alichota mchanga kidogo, akaufunga kwenye leso, akapiga simu nyumbani. Kibanda kilivyo chembamba, nilisikia kila kitu.

"Umeupata mto?"

"Nimeupata, mwanangu."

"Basi njoo nyumbani."

Ndipo alipolia.