Glasi Isiyokorogwa

"Umekoroga! Fidencio, umekoroga tena! Miaka yote hii nakupokea nyumbani kwangu, na bado unaingiza kijiko humo kama mtu anayechanganya pumba za nguruwe!"

"Komadre, kwani tumboni kuna rafu? Vyote vitachanganyika tu."

"Hata wewe utachanganyika na udongo siku moja. Mbona hatukuziki leo?"

Kwenye kiti chake cha ngozi karibu na mlango wa jikoni, Eleuterio alicheka mpaka akakohoa. Alipenda kumsikia mkewe akigomba. Domitila Arreguín alikuwa na ulimi wa kukatia mikonge, na mji mzima wa Amatitán ulijua hivyo. Fidencio naye alikuwa amezoea. Yeye ndiye aliyemshika mtoto wao wa pekee siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana kompadre na komadre. Undugu wa namna hiyo hauvunjwi na matusi. Hukolezwa nayo.

Lakini glasi ilikuwa jambo jingine. Glasi ya Domitila haikuwa ya mzaha. Chini kabisa huwekwa shira ya komamanga, nyekundu, nzito kama asali. Juu yake humiminwa maji ya machungwa na balungi, yamekamuliwa asubuhi, yamechujwa kwa kitambaa, yametiwa ndimu kidogo na kupozwa ndani ya mtungi. Halafu tekila nyeupe, pombe ya mikonge, hudondoshwa mwishoni juu ya mgongo wa kijiko, polepole, ili ilale juu ya machungwa bila kuyaamsha. Matabaka matatu, kila moja na mpaka wake. Ukikoroga, unapata kitu chenye rangi ya tofali.

Alifundishwa na mama mkwe wake. Tuseme alipimwa, hakufundishwa. Kabla ya posa kukubaliwa, mama huyo alimweka mezani na chupa, kijiko na glasi, akakaa kumtazama bila kupepesa. "Asiye na subira na glasi," alisema, "atamlisha mwanangu maharage mabichi." Domitila aliharibu glasi mbili, ya tatu ikasimama, akaolewa.

Na Eleuterio alijua kuinywa. Kila Jumamosi, akirudi kutoka mashambani kuchonga mikonge, ana vumbi hadi kwenye kope, alioga, akaketi, akanywa kutoka juu kwenda chini. Kwanza ukali wa tekila, halafu uchachu. Akifika kwenye wekundu, alikoma. Humo hakugusa kamwe. Alimsukumia mkewe glasi na kumwambia, "Tamu ya chini ni yako, Tila." Domitila alimaliza, akaifunika glasi kifudifudi juu ya meza, na wiki ikawa imekwisha rasmi. Hakuna aliyewahi kulieleza jambo hilo wala kuuliza.

Sasa mguu wa Eleuterio ulikuwa umefungwa bendeji. Kisukari kilianza kwa kidole kimoja, kikanogewa. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tisa, makomamanga yameanza kuiva, na Domitila alikuwa amemtengenezea mgeni kwa sababu mgeni ni mgeni, hata akiwa mkorogaji.

"Na mimi je, Tila?" Eleuterio aliuliza.

Domitila alielekeza kidevu kwenye kikombe chake.

"Wewe una maji yako hapo."

"Maji nakunywa tangu Pasaka. Nitaota chura tumboni."

"Ota hata mamba. Daktari amesema sukari hapana, pombe hapana."

"Mpe kidogo, komadre," Fidencio akadakia. "Tone tu. Litamfanya nini mtu ambaye amekwisha…"

Aliuma ulimi, lakini kwa kuchelewa. Domitila alimnyang'anya glasi mkononi, akaimwaga yote kwenye sinki.

"Amekwisha nini? Malizia! Amekwisha nini? Unataka kumzika uje ule nyama za matanga? Mlango ule pale, unaujua tangu ukiwa na nywele!"

Fidencio alichukua kofia yake na kuondoka. Hakuaga. Eleuterio alimgeukia mkewe.

"Basi nakudai glasi moja, Tila."

"Nidai."

"Na wewe unanidai tamu ya chini. Tunadaiana."

"Ukipona tutalipana."

"Na nisipopona?"

"Nyamaza, nina vyombo vya kuosha."

Hayo ndiyo aliyomjibu mumewe. Vyombo vyenyewe vilikuwa sahani tatu.

Fidencio hakurudi. Domitila alijiambia ni heri, nyumba imetulia. Eleuterio hakumtaja, ila siku moja akiwa anasuguliwa mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, alisema kama mtu anayeagiza chumvi, "Msalaba wangu auinue Fidencio."

"Yule mkorogaji?"

"Yule yule."

Domitila aliendelea kusugua, kwa nguvu zaidi, mpaka mume akalalamika. Alijua maana yake. Mtu akifa, pale alipolazwa sakafuni huchorwa msalaba wa chokaa, na watu husali jioni tisa. Jioni ya tisa, msimamizi wa msalaba huukusanya kwa ufagio mdogo, vumbi likapelekwa kaburini, na hapo ndipo marehemu anapoondoka nyumbani kwake kweli. Ukoo wa Eleuterio uliongeza na lake: kichwani mwa msalaba huwekwa kinywaji alichokipenda marehemu, na msimamizi hukinywa kwa niaba yake kabla ya kugusa chokaa. Mtu aliyekuwa akichagua msimamizi alikuwa anachagua mdomo.

Wiki ile ile Domitila alikwenda sokoni akanunua makomamanga. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameshaamua kuilipa ile glasi. Kijiko kimoja cha shira, machungwa kiasi cha yai, tekila ya kulowesha mdomo. Daktari akitaka aje amfunge. Alhamisi asubuhi alikamua mbegu, akaweka sukari, akabandika sufuria kwenye moto mdogo. Harufu ilijaa nyumba nzima. Eleuterio aliisikia, maana aliuliza kutoka chumbani, "Tila, hiyo ni nini?"

"Ni kufua," alimjibu. Alitaka kumshtukiza Jumamosi.

Alipoingia kumgeuza ubavu, Eleuterio alikuwa ameshageukia upande mwingine, ule usio na kurudi. Bado alikuwa na joto. Domitila alikaa akimshika mkono mpaka harufu ya komamanga ikageuka kuwa harufu ya kuungua, na wifi yake Eufrasia, aliyekuwa akipita barabarani, akaingia mbio kuzima moto.

Wakamzika. Mwana wao alikuwa ng'ambo ya mpaka, kaskazini, bila karatasi za ukaazi. Akitoka harudi tena kwa mkewe na wanawe, basi akamzika baba kwa simu iliyoshikwa juu na Eufrasia. Kila jeneza liliposogea, simu ilisema, "Shangazi, sioni. Shangazi, shusha kidogo." Fidencio alikuwepo, nyuma kabisa, kofia kifuani. Domitila alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme.

Ni siku ile ndipo mkono wa kulia wa Domitila ulipoanza kutetemeka. Kidogo tu, kama jani ambalo upepo umeshapita. Alivaa soksi kwa shida. Kikombe kikigusa kisahani kilipiga kengele.

Jioni ya tisa wanawake wa mtaani walijaa sebuleni. Bi Casimira, mwongoza sala, ambaye amewapeleka kaburini watu wengi kuliko kipindupindu, aliketi mbele na rozari yake. Jikoni Domitila alikuwa na mtungi wa machungwa, chupa ya tekila, kijiko, na shira ile ile ya Alhamisi. Aliikwangua kutoka sufuriani, akaichuja. Hakutaka nyingine.

Shira ikakaa. Machungwa yakakaa. Alipofika kwenye tekila, kijiko kikagonga ukingo wa glasi, mkondo ukaruka, na vyote vikawa tofali.

"Ah!"

"Wifi, acha niimimine mimi," Eufrasia alisema.

"Wewe ulimimina lini?"

"Basi weka hivyo hivyo. Mungu haangalii rangi."

"Mungu sijui. Ndugu yako anaangalia."

Ya pili ikaharibika. Ya tatu nayo. Eufrasia, ambaye hawezi kuona kitu kinatupwa, alikuwa akizibeba glasi zilizoharibika kwenda sebuleni. "Bi Casimira, koo lako limekauka, mama yangu." Bi Casimira alisema mtu hasali akinywa, akanywa. Ya pili alisema si vizuri kukataa mbele ya mfiwa. Ya tatu aliipokea kwa mikono miwili.

Domitila aliketi kwenye kigoda, mkono mmoja ukiushika mwingine. Wakati huo Fidencio aliingia kwa mlango wa nyuma, kama alivyozoea kabla hajafukuzwa, akasimama na ufagio mdogo mpya mkononi.

"Komadre."

"Umekuja."

"Ukisema niondoke naondoka. Eufrasia atauinua."

Domitila alimtazama. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikosa kifungo, na yeye ni mjane wa siku nyingi, hana wa kumshonea. Maneno makali yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga. Akayameza.

"Simama hapo usiguse kitu," alisema. "Hasa kijiko."

Sebuleni litania ikaanza. Bi Casimira alitaja jina takatifu, na wanawake wote wakaitikia kwa pamoja, "Mwombee." Jina jingine. "Mwombee." Mwitikio ulikuwa kama hatua za watu wengi wanaotembea pamoja. Domitila alimimina shira, akamimina machungwa, akaegemeza kiwiko gotini, akainua chupa. Alisubiri. Jina. "Mwombee," na katika pumzi ile ya watu, mkono wake ulitulia kiasi cha tone moja. Akaliacha lianguke. Jina. "Mwombee." Tone. Alikuwa akimimina kwa midomo ya watu.

Lakini glasi ni ndefu na litania ina mwisho. Tekila ilikuwa bado utando mwembamba juu ya machungwa wakati majina yalipokaribia kwisha. Domitila alianza kutokwa jasho. Basi Bi Casimira, kwa rehema ya zile glasi tatu, akapotea njia. Alipofika mwishoni akarudi mwanzo, kwa sauti kubwa na imani kamili. Mwanamke mmoja akakohoa kumwonya. "Mwombee," alimkemea Bi Casimira. Wakamwombea. Walimwombea Eleuterio majina yote kwa mara ya pili, na baadhi kwa mara ya tatu, na tone kwa tone glasi ikajaa mpaka pale mama mkwe alipokuwa akiweka ukucha na kusema basi.

Fidencio alivua kofia.

Domitila aliibeba mwenyewe. Watu walimpisha kama wanavyompisha mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Akaipanga kichwani mwa msalaba wa chokaa. Mwanga wa mishumaa ukapita ndani yake: nyeupe, ya manjano, nyekundu.

Fidencio akapiga magoti. Wakati wa kuchukua glasi, macho yake yaliteleza kwenye kijiko kilichoachwa kwenye meza ya jikoni, kikionekana mlangoni, mazoea ni kilema, na Domitila akafumba macho. Alipoyafumbua, Fidencio alikuwa anakunywa. Polepole, kutoka juu. Uso ukajikunja kwa ukali wa tekila, ukalegea, ukajikunja tena kwa uchachu. Machozi yalimtoka bila haya. Kisha akakoma, akainuka. Glasi haikuwa tupu. Ule wekundu ulikuwa bado chini, haujaguswa.

Akamnyooshea.

"Tamu ya chini ni yako, komadre."

Domitila hakuipokea. "Nani kakwambia hayo?"

"Mwenyewe. Nilikuwa nakuja unapokwenda sokoni."

"Ulikuwa unakuja humu?"

"Kupitia uani. Alisema ukijua utanichinja. Alisema siku ya msalaba nisikoroge, na nisimalize. Basi, hakusema jingine."

"Ulimpa hata tone?"

"Hakutaka ya mtu mwingine, komadre. Nilimletea chupa akairudisha. Alisema ana yake anayoidai."

Domitila aliichukua glasi. Mkono ulitetemeka, lakini chini hapakuwa tena na kitu cha kuchanganyika. Akanywa. Ilikuwa tamu, na nyuma ya utamu ule kulikuwa na uchungu wa kuungua, wa sufuria iliyosahauliwa motoni Alhamisi. Akaushikilia mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kuumeza.

"Imeungua," alisema.

"Kidogo."

"Lete shati lako kesho nilishone kifungo. Unaaibisha msalaba."

"Nitaleta, komadre."

Fidencio akainama na ufagio wake, akaanza kukusanya chokaa, kutoka miguuni kwenda kichwani. Domitila alikwenda jikoni. Akaifunika glasi kifudifudi juu ya meza, mbele ya kiti cha ngozi.