Tajiri wa Halua

Tajiri wa Sleyum, yaani bwana aliyemwajiri, muuza halua wa Maskati, alikoroga kwa bega zima na kuonja kwa ncha ya kidole. Ikimridhisha hukohoa mara moja, basi, ndiyo sifa yake yote. Siku moja kabla ya Idi alikwenda kusali alasiri, akamwachia Sleyum mwiko. Sleyum, mgeni kutoka Unguja, akasokomeza kuni kwa wingi kama alivyozoea kusokomeza makumbi ya nazi kwao. Halua yote ikaungua. Akasimama akingoja kufukuzwa mbele ya wateja.

Tajiri akaionja, akaimeza, akamtia tena mwiko mkononi. "Kuni za huku kali. Sikukwambia. Bandika nyengine." Akatoka kwenda barazani kwa wateja.

"Nistahamilieni, jamaa," Sleyum akamsikia, "halua nimeiunguza mimi."

Sleyum akasogea mlangoni kusikiliza, mwiko mkononi.

"Wewe!" Tajiri akaita kutoka nje. "Mbona siusikii mwiko?"