Siku Niliyowalisha Waamuzi wa Mfuko wa Utalii

Jamani, hili nawasimulia kwa sababu nyie ni watu wangu na mkicheka mtacheka kwa upendo, maana aibu niliyoipata siku ile kwenye ukumbi mmoja pale North York, kitongoji cha mji huu wa ughaibuni tunakoishi, hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu kwenye lifti najifunika uso.

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya utalii. Mwaka jana nikapewa kumsaidia Lorraine, mama wa makamo wa jamii ya wenyeji wa asili kule kaskazini, mwenye vibanda sita vya wageni kando ya ziwa, vilivyokaa vitupu misimu miwili. Kuna mfuko unaosaidia vijiji kujitangaza: wenyeji wakichanga nusu ya gharama ya matangazo, mfuko unaongeza nusu nyingine. Lorraine na wakulima jirani zake walishachanga ya kwao, kilichobaki ni yeye kusimama mbele ya waamuzi, dakika kumi tu, aeleze kwa nini watu waende kwao. Akikosa, aliniambia, anafunga vibanda na kuja mjini kutafuta kazi.

Basi asubuhi ile natoka nyumbani, mtaa wetu wa Dixon, mama yangu akaniuliza, "Unakwenda kuomba kwa watu mikono mitupu?" Hapo ndipo nilipoharibu. Nikarudi jikoni nikabeba sambusa sitini (zilikuwa za harusi ya binamu yangu, msiniulize) na chupa mbili kubwa za chai ya tangawizi.

Ukumbini kila mwombaji alikuwa na meza yake, na waamuzi watatu wakipita meza kwa meza. Walipofika mezani petu, Lorraine akafungua karatasi zake, nami nikamshika mkono: "Subiri dada, kwanza wageni wale." Kwetu mtu humwelezi shida zako akiwa na njaa, na wale maskini walikuwa wameshazunguka meza kumi na mbili bila hata maji. Wakala. Mmoja akauliza ndani kuna nini, nikaeleza, nikaeleza na namna ya kukunja, watu wa meza za jirani wakasikia harufu wakaja, foleni ikafika mlangoni, na mimi (mjinga mimi!) nikafurahi, nikawa namimina chai kama niko kwenye shughuli ya ukoo. Lorraine akafungua mdomo mara mbili, na mara mbili nikamwambia, "Bado, yule pale hajapata."

Akaja msimamizi wa ukumbi kusema chakula hakiruhusiwi bila kibali. Mnadhani niliacha? Nikampa sahani. Akala tatu, akafuta mikono, ndipo akaniandikia onyo.

Kengele ikalia, muda umekwisha. Nikamvuta mwamuzi mkubwa, "Mzee wangu, dakika mbili tu," na alama za vidole vyangu vya mafuta, vyote vitano, zikabaki wazi kabisa kwenye mkono wa shati lake jeupe. Akasema kwa upole, "Asante kwa chakula, lakini hatujasikia ombi lolote." Ukumbi mzima ukageuka kutuangalia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulipofika kwenye gari, Lorraine alikuwa bado ameshika zile karatasi alizozifanyia mazoezi majira yote ya baridi. Nikalia, nikamwomba radhi. Akasema, "Hata kwetu mgeni anakula kwanza. Lakini sisi huwa tunaongea huku anakula." Akaanza kucheka yeye, nikafuata mimi, kamasi zikinitoka.

Mfuko ulijibu: ombeni tena mwakani. Siku hizi Lorraine anasafisha ofisi hapa mjini, Jumapili anakuja kula kwetu, na hajawahi kunilaumu hata kwa utani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwezi ujao tunasimama tena mbele ya waamuzi. Nimeapa kukaa nyuma, mikono nimeikalia, na hata kikombe cha maji simpi mtu mpaka Lorraine amalize neno lake la mwisho.