Kanga Iliyokataa Kukutana

Nakumbuka siku moja nilitoka kwangu mbiombio, moyo unanidunda, nikaenda kumtukana mama yako mzazi mlangoni kwake. Kaa, mwanangu, weka hiyo simu chini. Nimesikia unaulizia vidonge vya kunenepa, eti mwenzio kapata mchumba kwa umbo lake. Basi nisikilize mimi niliyetangulia kuwa mjinga.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mwadilifu. Akinunua kanga, ni doti mbili sare, yangu na ya Mwanaidi, mama yako, mke mdogo aliyemwoa kule kijijini Kinjumbi. Lakini kanga ileile, mimi inanizunguka mara mbili, yeye ncha hazikutani. Tukienda harusini wanawake wanamsifia, "Huyu ndiye anayetunzwa!" Mimi mke mkubwa nimekaa pembeni, mkavu kama ufagio. Wivu ulinitafuna, mwanangu, sikufichi. Hata akicheka nilichukia.

Nikaamua nami ninenepe. Asubuhi vitumbua, mchana wali wa nazi, jioni bokoboko na samli juu. Sokoni naagiza, kisimani naagiza, kutembea nikaacha kabisa nisije nikapungua. Siku kanga ilipokataa kukutana nilijipigia kigelegele chumbani.

Haukupita muda moyo ukaanza vituko. Nimekaa kitako nachambua mchele, wenyewe unakwenda mbio kana kwamba nafukuzwa na mbwa. Nikasema, aa, Mwanaidi huyu, kanitupia kitu! Ndipo nikaenda kwake kumwita mchawi aliyeuroga moyo wangu, majirani wote wanasikia.

 Mwanaidi alikuwa amekaa kibarazani anasuka ukili wa mkeka. Akanishika mkono, akauweka kifuani kwake. Loo! Moyo wake ulikuwa unakimbia kuliko wangu.

"Bi mkubwa," akasema, "mimi huu mwaka wa tatu. Zahanati naenda kwa siri. Nilikuwa nikikuonea wivu wewe, unavyoinuka bila kushika ukuta."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Akanipeleka zahanati mwenyewe. Daktari akatueleza kwamba moyo una mishipa ya fahamu inayouhimiza, na mingine ya kuutuliza. Mafuta yakizidi mwilini, ile ya kuhimiza haipumziki na ile ya kutuliza hulegea. Ndiyo maana moyo unakimbia nawe umekaa. Akasema tule kwa kiasi, tutembee, huenda ukatulia.

Tukawa tunatembea pamoja kila baada ya sala ya alfajiri, tukisimama ili Mwanaidi avute pumzi. Mimi niliuumiza wangu muda mfupi, ukatulia taratibu. Wake ulikuwa umechoka mno. Alifariki wewe hujaanza hata chuo cha Kurani, akaniachia wewe.

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mimi nililala mlango wa pili na bado sikujua, mwanangu. Nilichokuwa nakionea wivu kilikuwa maradhi.

Basi nakuambia waziwazi: vidonge hivyo viache. Kula ushibe, usile umshinde mtu. Tembea. Na moyo ukikudunda umekaa, usimtafute mchawi, nenda kapimwe. Ukimwonea mtu wivu, kwanza muulize hali yake.

Haya, simama. Hii ndiyo kanga ya mama yako, nimeitunza miaka yote. Jifunge. Umeona? Imekuzunguka mara mbili. Alhamdulillahi. Mungu akupe moyo unaotulia ukikaa, akuzeeshe kuliko aliyekuzaa.